Kutenganisha Wanaofanana

Watu wakiniuliza ninafanya kazi gani Lilongwe, huwa najibu bila kupepesa macho: ninatenganisha buibui. Askari wa kizuizi cha barabarani aliwahi kunirudishia karatasi yangu ya ruhusa ya kutoka kambini akicheka, akawaita wenzake waje wanisikie nikirudia. Mama mmoja wa kanisani kwetu, katika kambi ya Dzaleka, aliniombea kwa sauti, mbele ya watu wote, Mungu anifungulie mlango wa kazi ya maana. Nikaitikia amina, na Jumatatu nikapanda kabaza, baiskeli ya abiria, hadi barabara ya lami nikaenda kwa buibui wangu. Mkimbizi anatazamiwa auze nyanya, au ashone, au akae chini ajihurumie. Mimi nilisoma biolojia, nikaimaliza, na vita vilivyonipokonya nyumba na shamba havitanipokonya na hilo.

Buibui wenyewe ni wale wadogo wa kahawia wanaokimbia ardhini katikati ya mahindi. Hawafumi utando. Kila aliyeshika jembe amewaona: jike huburuta mfuko wa mayai nyuma yake, na watoto wakianguliwa humpanda mgongoni, akawa anatembea na ukoo mzima. Kuna kituo kimoja kidogo cha utafiti wa kilimo kinachotaka kujua ni aina gani kati ya hao wanaowala wadudu waharibifu. Vikopo vinafukiwa shambani, buibui wanatumbukia, wanaletwa wakiwa ndani ya spiriti, na mimi nakaa kwenye hadubini nawagawa. Ruhusa yangu ikiwa ya siku zaidi ya moja nalala mtaa wa Chinsapo kwa rafiki, nakula nsima yake, ndio ugali wa huku, asubuhi narudi kwenye kiti changu.

Mwanzoni nilidhani ni kazi ya macho tu. Kulikuwa na weusi, na kulikuwa na wenye mstari wa njano mgongoni. Nikawapanga, weusi chupa hii, wa mstari chupa ile, wiki nzima, nikajiona hodari. Bosi wangu ni mama wa Kimalawi mwenye sauti ya chini na mkono usiotetemeka. Alizitazama chupa zangu, akazifungua zote mbili, akazimimina katika sahani moja. Nusura nilie.

"Umewapanga kwa nguo zao," akaniambia. "Sasa wavue."

Kuwavua ni hivi. Dume ana vipapasio viwili mbele ya uso, na mwishoni vimevimba kama ngumi. Ndani ya ngumi hiyo kuna kiungo anachotumia kumpa jike mbegu, na kina ndoano zake, mikunjo yake, ncha yake iliyopinda, kila aina kwa namna yake. Unamlaza ubavu, unakigeuza kipapasio kwa sindano polepole mpaka ndoano ijitokeze, na ukipiga chafya umempoteza. Jike unamtazama chini ya tumbo. Pale kuna kibamba kigumu, kidogo kuliko punje ya chumvi, chenye matundu. Mara nyingine hakikuambii kitu mpaka ukikate na kukiloweka kwenye mafuta ya karafuu. Kikishalowa kinakuwa angavu, na njia za ndani zinaonekana jinsi zilivyojipinda. Mafuta hayo nanunua soko la Tsoka kwa mama anayewauzia wenye maumivu ya jino, na mdogo wangu hulalamika kwamba nikirudi kambini nanuka jino bovu.

Nilipowavua wote niligundua kwamba kweli kulikuwa na aina mbili, ila mpaka wao haukupita pale nilipouchora mimi. Katika weusi walikuwamo wa aina zote mbili. Katika wa mstari vilevile. Rangi ilikuwa imenidanganya mchana kweupe. Halafu bosi akanionyesha jike mmoja aliyekuwa amemfuga kwenye chupa pamoja na watoto wake mpaka wakakomaa. Mama mmoja, mfuko mmoja wa mayai, na watoto wengine walitoka weusi, wengine wa mstari.

"Osathamanga," akasema, yaani nisikimbie.

Kuna kanuni moja ya kazi hii niliyoipenda kuliko zote. Buibui ambaye hajakomaa hana kiungo kilichokamilika, kwa hiyo hawezi kupewa jina. Unaandika kwamba ni mtoto, basi, unamweka peke yake. Yupo atakayekushawishi uandike jina, kwa sababu chupa isiyo na jina inakera na kila mtu anapenda kujua. Huandiki. Mimi niliyetoka nchi ambako mtu anapewa jina kabla hajafungua mdomo, niliiona kanuni hiyo kuwa na adabu kubwa kuliko mahubiri mengi niliyowahi kuyasikia.

Sasa niseme habari ya mdogo wangu.

Ndiye niliyebaki naye. Baba alifia njiani, mama akafia hapa kambini, na mtoto huyo nimemlea mwenyewe. Akampenda kinyozi mmoja mwenye kibanda karibu na soko, kioo kimoja, mashine moja ya kunyolea inayotumia umeme wa jua. Kijana mpole, anaimba besi kwenye kwaya, na akicheka anaziba mdomo kwa mkono. Wakataka kuoana. Kwetu kijana hazungumzi mahari na msichana, wala na dada yake hata awe amemlea. Wazee wake wanakuja, wanakuta kiti cha baba wa msichana katikati ya nyumba, na lazima mwenye haki akikalie ndipo maneno yaanze. Kikiwa kitupu hakuna mazungumzo, na pasipo mazungumzo kanisa halitangazi ndoa. Baba akiwa hayupo, kiti ni cha mdogo wake. Huyo ndiye baba mdogo, fundi cherehani, mtu mwema mwenye kichwa kigumu.

Wangeweza kutoroka, wapo wengi waliofanya hivyo, wakahamia mtaa wa pili na maisha yakaendelea. Mdogo wangu alikataa katakata. "Mi sitaki kuibiwa," aliniambia. "Mi nataka kutolewa."

Ndipo maneno yalipoanza kutembea. Nilirudi kutoka mjini nikamkuta baba mdogo ameacha cherehani yake, ananingoja mlangoni.

"Banasema mama yake ni Munyarwanda," akaniambia kabla sijaweka begi chini. "Balimusikia anahesabu tomate mu Kinyarwanda. Na yee anajisema ni muntu wa Fizi, kwetu. Fizi gani, na ile pua?"

"Baba mdogo, we unamupatiaka kichwa yako akunyoe kila mwezi. Kwa nini haukuuliza pua?"

"Kunyoa ni kunyoa. Hapa tunatoa mutoto."

Nilitaka kupita. Akanishika mkono, na sauti yake ikalainika, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Sikiya. We njo ulisoma kutenganisha bitu binafanana. Tulikuwa tunakuchekaka, kumbe Mungu alikuwa na kazi. Siku ya mukutano ukuye, umuangalie muzuri. Pua, masikio, bidole, yote. Ukisema ni wa kwetu, mi nakaa ku kiti. Ukisema hapana, ni hapana."

Nimewahi kutukanwa kwa ajili ya kazi yangu, lakini sijawahi kutukanwa kama siku ile niliyoheshimiwa. Na ubaya ni kwamba nilikuwa nimenaswa. Ndoa ya mdogo wangu sasa ilikuwa imening'inia kwenye mdomo wangu.

Naye aliliona hilo upesi kuliko mimi. Alikuja tukiwa tunachambua maharage, akakaa karibu, akaanza na upole, akiniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, sema tu ni wa kwetu. Neno moja. Itakutoa nini?"

"Na nikisema hivyo, nimesema kama muntu anasomeka ku pua. Kesho bataniletea mwingine. Na huyo nimuambie nini?"

"Huyo si mume yangu! Mi nauliza ju ya mume yangu!"

Nikaendelea kuchambua. Akasimama, maharage yakamwagika.

"Kiburi yako njo itaniharibia maisha," akasema. Alikuwa analia. "Buibui yako unaipenda kuniliko."

Maneno hayo yaliniuma, na yangali yananiuma. Alikuwa na haki ya kuyasema. Uongo wa neno moja ungemvika shela, na mimi nilikuwa namnyima. Nilikwenda mpaka kibandani kwa yule kijana, nikamkuta anapangusa kioo, nikamuuliza bila kuzunguka angependa niseme nini. Aliweka kitambaa chini kwanza.

"Sema vile roho yako inataka, yaya," akajibu. "Mi mwenyewe sijue yote. Baba alikuwa wa Fizi. Mama alikuya kule akiwa mutoto, na bazazi bake. Mi nilizaliwa mu njia. Batu banaangaliaka sura yangu, banamaliza mambo. Nimezoea."

Nimezoea. Neno hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote ya baba mdogo. Nilitoka pale nikiwa nimekwisha kuamua kwamba sitadanganya na sitajibu, na mdogo wangu ataolewa hivyo hivyo, potelea mbali.

Siku ya mkutano nyumba ya baba mdogo ilifagiliwa, vitambaa vyeupe vikatandikwa kwenye viti. Kijana alikuja na shemasi mmoja wa kanisa kumsemea. Mama yake alikuwa ameambiwa abaki kwanza nyumbani mpaka mambo yajulikane. Shangazi yetu alikuwa ameketi na mdogo wangu ukutani. Kiti cha baba kilikuwa pale katikati, kitupu, na baba mdogo alikuwa amesimama kando yake, kofia kichwani, kama mlinzi wa benki.

"Bon," akasema. "Kabla ya yote, mutoto wetu wa masomo atafanya kazi yake."

Wote wakanigeukia. Kijana alitazama chini. Nilimwona mdogo wangu akifumba macho.

"Humu ni giza," nikasema. "Kazi yangu inataka mwanga."

Nikachukua kiti kimoja cha wageni nikakiweka mlangoni, jua linapoingia. Nikamwambia kijana akae. Kisha nikashika kile kiti cha katikati, nikakiburuta mpaka kikagusana na cha kwanza.

"Na we, baba mdogo. Ikala hapa."

"Mi?"

"Kazi yetu haichunguzake mumoja peke yake. Ukiangalia mumoja utaona kila kitu roho yako inataka. Tunaweka babili sahani moja, mwanga moja. Bila hivyo mi siwezi."

Hilo halikuwa uongo hata chembe. Ndivyo tunavyofanya, na kila mwenye kazi hii anajua. Shangazi aliguna. Baba mdogo alikitazama kiti, akanitazama, akaona mtego na asiuone. Watu walikuwa wanangoja.

"Nakaa kwa kupimwa," akatangaza kwa sauti, kila mtu asikie. "Sikae kwa kupokea."

"Kaa kwa vile unataka. Na utoe kofia."

Akaitoa. Nikainama mbele yao na nikawatazama kwelikweli, sikufanya mzaha. Nilitazama masikio. Nilitazama vidole, vya mmoja vimetobolewa na sindano, vya mwingine vina vinywele vya watu vilivyoganda kwenye kucha. Nilitazama pua mbili, moja nene, moja nyembamba. Baba mdogo alianza kutoka jasho. Nadhani hajawahi kutazamwa vile na mtu yeyote tangu alipoondoka kwetu, ila na wale waliomtazama siku ile mbaya.

"Basi?" akauliza.

"Banaume babili. Bote bamekomaa. Masomo yangu inaishia hapo."

"Hiyo hata mbuzi anaiona! Ya ndani iko namna gani?"

"Ya ndani? Buibui mi namujulia ku kiungo ya kuzalia, ju zile hazipatanake hazizaake pamoja. Unataka nimuangalie kule? Maana nitakuangalia na we."

Shangazi alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakawa yanaruka. Shemasi akapata kikohozi. Lakini baba mdogo hakucheka.

"Unanichekesha bageni," akasema. "Bale bantu balimuua kaka yangu. Baba yako! Na we unaleta kicheko."

Hapo mzaha ukaniishia mwilini. Nilikuwa sijapanga kuyasema haya. Nilijikuta nimepiga magoti kwenye sakafu yake iliyofagiliwa.

"Baba aliuawa ju ya pua yake yeye mwenyewe," nikamwambia. "We njo ulitusimulia. Mi sikuwa pale."

Na ndivyo alivyotusimulia, mara moja tu, mwaka ule tuliofika kambini. Lori lilisimamishwa. Vijana wenye silaha, wa upande wetu wenyewe, waliwashusha watu, wakawapanga mstari, na mmoja wao, aliyesemekana ana jicho la kuwajua adui, akawa anapita akitazama nyuso. Baba alikuwa mrefu, mwenye pua nyembamba. Akawajibu kwa lugha ya nyumbani kwetu, akawatajia babu yake na babu wa babu yake. Wakasema lugha mtu hujifunza. Baba mdogo alikuwa amesimama jirani yake, tumbo moja, ziwa moja, pua nene. Yeye aliambiwa apite.

"Yule kijana alikuwa na masomo kama ile unaniomba," nikasema. "Alimuangalia baba, akaona adui. Alikuangalia we, akaona ndugu. Mama yenu alikuwa mumoja. Mi sitafanya kazi yake. Hata ukikatala ndoa, sitaifanya. Hata mudogo wangu anichukie mpaka nife."

Nje mtu alikuwa anapiga honi ya baiskeli, akapita. Nilijua kwamba huenda nimekwisha kumharibia mdogo wangu kila kitu, na nililia, sikujificha, lakini sikusimama wala sikurudisha neno.

Baba mdogo alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza aligeuka, akamtazama kijana aliyekaa ubavuni mwake, kwa karibu, kama mtu anavyotazama kitambaa kabla hajakikata. Alimtazama muda mrefu. Sisi hatuna picha ya baba hata moja. Kijana alivumilia kama alivyozoea, halafu hakuvumilia tena, akainua uso naye akamtazama.

"Kaka yangu," baba mdogo akasema, akaanza upya. "Kaka yangu njo alikuwa na pua hii."

Akapangusa macho kwa kofia. Shemasi alifanya kama anayetaka kuinuka waondoke, na baba mdogo akamwonyesha kwa mkono akae. Yeye mwenyewe hakuondoka kwenye kile kiti.

"Mama ya mutoto huyu iko wapi?" akauliza. "Tunaongea namna gani bila mama? Bamuite."

Shangazi alitoka kumwita, miguu mitupu, hakungoja hata kuvaa ndala.